Queen wa nyimbo zinazogeuka njiani: tano bora, kuanzia ya tano

Wengi wanaijua Queen, bendi ya roki ya Uingereza, ya viwanjani, ya kupiga makofi na kuitikia. Ipo Queen nyingine, hasa ya 1973 hadi 1975, iliyokuwa jirani kabisa na bendi za roki ya progresivu za Uingereza: nyimbo zisizo na kiitikio, mapigo yanayobadilika katikati, sauti zilizorundikwa juu ya sauti mpaka mkanda unachoka. Kipimo hapa ni kimoja: wimbo ukishageuka, je, bado ni ule ule? Ndiyo maana Bohemian Rhapsody haiko kileleni, na Liar, pamoja na dakika zake sita na ushei, haimo kabisa. Inarudia mno ilichokwisha kusema.

Ya tano ni The Fairy Feller's Master-Stroke, kutoka albamu ya Queen II ya 1974. Haifiki hata dakika tatu. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi, aliitunga baada ya kuutazama mchoro wa Richard Dadd ulioko jumba la sanaa la Tate, London, na wimbo umejaa kama mchoro wenyewe: kinanda cha hapsikodi, maneno yanayokimbizana, sauti zinazoruka kutoka sikio la kushoto hadi la kulia. Kwenye spika moja ya simu ni fujo tupu. Tumia hedifoni au usijisumbue.

Ya nne, Bohemian Rhapsody (1975). Dakika 5 na sekunde 55, nyuzi 24 za mkanda (yaani njia 24 za kurekodia sauti sambamba), na ile sehemu ya opera peke yake ilikula wiki kama tatu, Freddie, mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor wakirekodi sauti juu ya sauti. Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa "Bismillah" inayolia katikati. Freddie alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, ingawa kwao walikuwa Waparsi, Wazoroastria wa India. Kasoro yake ni viungo. Solo ya gitaa inapoisha na piano kuanza kudonoa, sikio linajua limeingizwa chumba kingine. Bendi yenyewe ilikiri kwa vitendo: jukwaani walitoka, mkanda ukapiga opera, wakarudi kwenye roki.

Innuendo ya 1991 ni ya tatu, na wapo watakaolalamika kwamba ni ya miaka mingine. Sawa, lakini sikiliza inavyogeuka. Ngoma zinatembea kwa uzito wa gwaride, kisha kila kitu kinanyamaza na linaingia gitaa la kiflamenko, la Kihispania, mapigo yakihesabiwa matano matano. Anayesikika hapo ni Steve Howe wa Yes, bendi ya progresivu ya Uingereza, aliyepita studio ya Montreux, Uswisi, na kuombwa apige. Baadaye kidogo wazo lile lile linarudi kwa gitaa la umeme, na hapo ndipo kiungo kinaposhika: mgeni amekuwa mwenyeji. Bohemian Rhapsody haikufanya hivyo na opera yake.

The Prophet's Song, ya pili, imo katika albamu ya A Night at the Opera ya 1975 na inapita dakika nane. Brian May aliitunga kutokana na ndoto ya gharika. Wanaopiga gitaa: uzi wa sita umelegezwa kutoka E hadi D. Ukiwa na nyuzi nyembamba utaparuza kwenye shingo, basi weka nene kidogo. Katikati ala zote zinatoka, na kwa zaidi ya dakika mbili Freddie anaimba na mwangwi wake mwenyewe: anatoa mstari, nakala yake inachelewa na kurudi, yeye ameshaanza mwingine unaopatana nao. Jukwaani aliifanya kwa mashine ya mwangwi. Mwendo wa kuimba ukiachana na ule wa mwangwi, noti zinagombana, kwa hiyo mwimbaji ndiye anayeifuata mashine. Sehemu hii ni ndefu kuliko inavyostahili, labda kwa nusu dakika, na hilo tu ndilo lililoinyima nafasi ya kwanza.

Nafasi hiyo ni ya The March of the Black Queen, pia ya Queen II. Dakika sita na nusu, na huwezi kuhesabu sehemu zake bila kubishana na mwenzako. Ilirekodiwa studio ya Trident, London, kwa nyuzi 16 tu za mkanda, maana yake kila kwaya ilibidi iunganishwe na kuhamishiwa uzi mmoja ili nyingine zipate nafasi. Kila uhamisho unapunguza ung'avu, na ukungu kidogo unaosikika katika sauti za nyuma umetoka huko, si kwenye kifaa chako. Pana mahali mapigo manane na kumi na mawili yanakwenda pamoja. Aliyekulia kwenye ngoma, ambako mkono mmoja huhesabu mbili na mwingine tatu, hatapotea. Kinachoushika wimbo mzima ni piano ya Freddie: kila mgeuko inautangulia, kwa hiyo hakuna mlango unaofunguliwa ghafla.

Usiuchomoe peke yake. Mwisho wake unapanda moja kwa moja hadi wimbo unaofuata, Funny How Love Is, na programu inayoweka ukimya kati ya nyimbo inaukata katikati ya pumzi. Zima uchezaji wa kuchanganya, zima ukimya kati ya nyimbo, anzia Ogre Battle, wimbo unaofungua upande wa pili wa albamu hiyo, usikilize hadi mwisho. Ni dakika 20.