Hisa ya msimu ya vyakula vya asili kutoka Chamwino: uzoefu wangu

Hisa ni fungu la mavuno ya kikundi cha wakulima wa Chamwino, mkoani Dodoma, unalolilipia mapema. Unalipa nusu ya hisa Novemba, kabla ya mvua, na nusu iliyobaki wakati wa mavuno. Kikundi kinalima uwele na rosella (choya), kinachuma mlenda wakati wa mvua, kisha ubuyu kiangazi. Mimi napokelea mzigo Dodoma mjini, nautuma kwa ndugu walioko Uingereza. Kwa jumla nimeridhika, ila kuna mambo ya kusimamia mwenyewe.

Kubwa ni uwele. Kikundi hupenda kuusaga ili mteja apate unga tayari. Kataeni. Kiini cha uwele kina mafuta mengi. Ukishasagwa, mafuta hayo huanza kuharibika, na muda wa njiani unatosha unga kunuka na kuwa mchungu. Chukua punje zilizopepetwa na kukauka vizuri, zisagwe hukohuko Uingereza kidogo kidogo, bila kukobolewa, ili nyuzinyuzi zibaki. Mwenye kisukari akumbuke kwamba ugali wa uwele nao ni wanga, apime kiasi.

Mlenda wa unga hauoshiki, kwa hiyo ulizia kama majani yalioshwa kabla ya kuanikwa. Ukiwa na mchanga, ndio basi tena. Vijiko viwili vya chakula kwa nusu lita ya maji yanayochemka vinatosha; koroga, ongeza nyanya na karanga iliyosagwa. Mwenye presha aache magadi, yana sodiamu nyingi, na mlenda huvutika hata bila hayo.

Majani ya mlonge yaanikwe kivulini, juu ya kichanja. Yakija na rangi ya kahawia yamepigwa jua, na vitamini A imepungua sana, mimi huyarudisha. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiyaanze kabla ya kuongea na daktari, kwa sababu yana vitamini K. Rosella nayo hushusha presha kidogo, hivyo anayemeza dawa za presha amwambie daktari wake.

Ubuyu uwe unga wa asili, si ule wa rangi na sukari. Utie kwenye uji ukishapoa, maana moto huua vitamini C.

Karanga na mahindi siyatumi bila majibu ya kipimo cha sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na kwa macho huwezi kuitambua.

Mvua ikikatika, mlenda na rosella hupungua kwenye fungu lako na pesa hairudi. Hayo ndiyo makubaliano, na naona ni haki kwa mkulima. Ninachowadai ni kuandika tarehe ya kukausha kwenye kila pakiti. Bado hawaandiki.

Kwenye fomu ya posta taja chakula chenyewe na uzito wake, kwa mfano "unga wa ubuyu, gramu 500". Usiandike "dawa", forodha wanaweza kuuzuia mzigo. Mbegu na majani mabichi usiweke bila cheti cha afya ya mimea.