TAHADHARI: "Friziani, lita 20, mimba miezi 6" – soma kabla hujatuma hela ya ng'ombe wako wa kwanza

Tahadhari hii ni ya mtu ambaye banda lake bado linanukia mbao mpya. Majani ya tembo ameshapanda, hori limeshasakafiwa, sasa anatafuta ng'ombe mmoja wa maziwa ya watoto na lita chache za kuuza kwa jirani. Awe Arumeru, Hai, Lushoto, Rungwe au pembezoni mwa Dar es Salaam, ndiye anayewindwa. Mfugaji mzoefu matapeli hawamsumbui kwa sababu wanajua ataingia zizini na ndoo yake mwenyewe, na mchezo utaishia hapo.

Tuanze na utapeli wa simu. Tangazo huja kwenye kundi la WhatsApp au Facebook: picha ya ng'ombe mwenye madoa meusi na meupe kama Friziani, ng'ombe wa maziwa wa kizungu, kiwele kimejaa, bei ya chini kuliko soko lote. Ukiuliza, unaambiwa mwenye ng'ombe anasafiri, au ana mgonjwa hospitali, ndiyo maana anauza haraka. Kuna wateja wengine wawili wako njiani, kwa hiyo tuma nusu "ya kumshikilia", na usisahau ya kutolea. Baada ya hapo inadaiwa hela ya kibali, halafu ya gari, halafu gari limeharibika njiani. Ng'ombe hayupo. Picha hizo hizo huwa zimeshatumika mkoa mwingine kwa jina la muuzaji mwingine. Kipimo ni kimoja: mwambie akupigie simu ya video akiwa amesimama zizini, amshike ng'ombe mdomo na kukuonyesha meno ya chini, kisha asome kwa sauti namba iliyo kwenye hereni ya utambulisho sikioni. Mwenye ng'ombe wa kweli haimchukui hata dakika tano. Tapeli atakuambia mtandao unasumbua. Na hata akikuonyesha, hela isitoke mpaka umefika.

Anayewaliza watu wengi zaidi, tena kimya kimya, ni muuzaji mwenye ng'ombe wa kweli. Huyo unafika kwake, unapewa chai, unaonyeshwa mnyama anayekula vizuri, na unaondoka naye ukiwa na furaha. Wiki ya pili ndiyo unagundua lita 20 zilikuwa 7.

Hizo lita 20 hutengenezwa hivi. Ng'ombe hakamuliwi jioni, wakati mwingine asubuhi iliyofuata pia, ili mteja anapofika akute kiwele kimevimba. Kitazame kwa karibu: ngozi inang'aa kama puto, chuchu zimesimama zimetazama pembeni badala ya kuning'inia chini, maziwa yanadondoka yenyewe, na ng'ombe anasimama ametanua miguu ya nyuma kwa sababu anaumia. Anakamuliwa mbele yako, ndoo inajaa, kumbe ni maziwa ya saa 24 au zaidi yaliyotolewa mara moja. Juu yake ongeza povu. Ndoo ya lita 10 iliyojaa hadi ukingoni wakati wa kukamua huwa na maziwa pungufu ya hapo kwa lita moja au hata mbili. Subiri povu litulie, upime kwa jagi la lita.

Dawa ya mchezo huu ni kufika jioni, kabla ya kukamua. Akamuliwe mbele yako mpaka tone la mwisho, na maziwa ya jioni hiyo usiyahesabu kabisa. Lala jirani. Asubuhi uwepo, upime. Jioni yake uwepo tena, upime. Jumla ya hizo mbili ndiyo ng'ombe unayemnunua. Muuzaji anayesema hawezi kukuvumilia siku moja ameshakujibu.

Wakati wa kukamua usikae sebuleni. Simama pale pale tangu kiwele kinaoshwa. Wapo wanaochoma sindano ya kushusha maziwa dakika chache kabla mteja hajaitwa, kwa sababu ng'ombe huyo hashushi bila ndama au bila dawa. Ng'ombe wa kawaida akioshwa kiwele kwa maji ya uvuguvugu na kukandwa, ndani ya dakika moja au mbili maziwa yameshuka. Na kama yupo ndama pembeni, angalia kama ni wake. Mama humnusa na kumlamba ndama wake. Wa kuazima humpiga teke au hamjali. Hili ni zito kuliko linavyoonekana, maana chotara wengi wenye damu ya ng'ombe wa asili hushusha maziwa kwa ajili ya ndama tu. Ndama wake akiwa amekufa au ameuzwa, unaweza kufika nyumbani ukakamua vikombe viwili na ng'ombe akakauka mapema mno.

Kabla ya kuanza kukamua ndooni, chukua kitambaa cheusi safi. Kamulia juu yake mikamuo miwili mitatu kutoka kila chuchu, moja moja. Maziwa mazuri huteleza juu ya kitambaa bila kuacha kitu. Ukiona vibonge kama maziwa yaliyokatika, nyuzi, majimaji ya njano au damu, huo ni ugonjwa wa kiwele. Ila ugonjwa uliojificha hauonekani kwa macho, na ndio muuzaji anaoujua vizuri. Mtaalamu ana sahani ndogo yenye vyumba vinne: maziwa ya kila chuchu huchanganywa na dawa maalumu, na yale yenye ugonjwa hunata kama kamasi.

Halafu zishike chuchu zote nne kwa mkono wako. Ng'ombe wa chuchu tatu ni bidhaa ya kawaida kabisa kwa madalali, na mkamuaji wao ana mikono ya haraka, huioni ile anayoiruka. Ukiuliza utajibiwa "hiyo ameachiwa ndama". Iminye kwa vidole: chuchu iliyokufa ina kitu kigumu katikati, kama uzi mnene au kalamu ya risasi, na haitoi chochote. Baada ya kukamua, kiwele kizuri hunywea na kulegea kama mfuko mtupu wa ngozi. Kikibaki kikubwa na kigumu, ulichokuwa unakisifia ni nyama au kovu la ugonjwa wa zamani.

Sasa mimba. Hapa ndipo hela nyingi zaidi hupotea, kwa sababu mtamba (ng'ombe jike ambaye bado hajazaa) mwenye mimba huuzwa ghali na mimba haionekani. Njia ya kwanza ni ya kitoto lakini bado inafanya kazi: mnyama hulishwa chumvi, hunyweshwa maji mengi asubuhi ya mauzo, tumbo linajaa. Simama nyuma yake utazame. Upande wa kushoto ni wa tumbo la majani, huo hujaa na kupungua kila siku. Ndama hukaa zaidi upande wa kulia, chini. Mimba ikifika miezi 7 hivi, weka ngumi ubavuni kulia chini, sukuma ndani taratibu kisha tulia. Utahisi kitu kigumu kinarudi kugonga ngumi. Kama unaambiwa miezi 8 na hakuna kinachogonga, simamisha mauzo.

Kwa mimba changa ngumi haisaidii. Anahitajika daktari wa mifugo au mtaalamu aliyefundishwa kupima kwa mkono kupitia njia ya haja kubwa. Mimba ya miezi 2 hadi 3 mtaalamu anaitambua bila shida. Kati ya miezi 4 na 6 mfuko wa uzazi huzama chini na ndama anaweza asifikike, lakini mtaalamu hutafuta mshipa wa damu wa mfuko wa uzazi, ambao wakati wa mimba hutetemeka chini ya kidole. Mtaalamu huyo umlete wewe na umlipe wewe. Anayeletwa na dalali anakula kwa dalali.

Omba pia kadi ya uhimilishaji, yaani kupandisha kwa mbegu ya dume inayowekwa na mtaalamu. Inapaswa kuwa na tarehe, namba ya dume na jina la mhimilishaji. Fanya hesabu: ng'ombe hubeba mimba siku 280 hivi. Kadi ya Machi haiwezi kutoa "mimba ya miezi 7" mwezi wa Julai. Kama alipandishwa na dume wa kijijini, sawa, lakini tarehe ielezwe, na usilipie mbegu ya dume bora wa Kituo cha Uhimilishaji cha Usa River kwa maneno matupu.

Mwangalie sana mtamba mnono, wa bei nzuri, mwenye miaka miwili na zaidi, ambaye "hajapandishwa tu kwa sababu hatukuwa na muda". Ndama jike aliyezaliwa pacha na dume huwa tasa katika zaidi ya visa 9 kati ya 10, kwa sababu damu zao huchanganyika tumboni na homoni za dume huharibu uzazi wa jike. Hukua vizuri, hunenepa, lakini hapati joto (hamu ya kupandwa) maisha yake yote. Dalili ni chuchu ndogo sana kwa umri wake, uke mdogo, na mara nyingi shungi la nywele ndefu kwenye ncha ya chini ya uke. Huyo ni wa buchani.

Ndugu yake ni ng'ombe asiyeshika mimba. Anakamuliwa bado, lita 4 au 5, ndama wake ameshakuwa mkubwa wa mwaka na nusu. Muuzaji anamsifia kwamba "anakamuliwa muda mrefu". Uliza alizaa lini na amepandishwa mara ngapi tangu hapo. Kama anarudi joto kila baada ya siku 21 na ameshahimilishwa mara tatu nne, unanunua tatizo la mtu mwingine.

Umri usiulize, ufungue mdomo. Ng'ombe hana meno ya mbele juu, ni kawaida yake, asikutishe mtu. Chini ana manane. Jozi ya kwanza ya meno makubwa hutoka akiwa na miaka 2 hivi, na akifikisha manane makubwa yaliyojaa yuko miaka 4 hadi 5. "Uzao wa pili" mwenye meno yaliyolika mafupi, yenye nafasi katikati, ni bibi. Pete za pembe nazo husaidia, lakini pembe hupigwa tupa zikang'aa, meno hayapigwi.

Na rangi si cheti. Madoa meusi na meupe hupatikana hata kwa chotara mwenye damu ndogo tu ya Friziani. Chotara si mnyama mbaya hata kidogo, sehemu za joto na kupe wengi ndiye tungekushauri umchukue kwanza. Kosa ni kumlipia bei ya Friziani. Angalia nundu, angalia ngozi inayoning'inia shingoni, ndizo alama za damu ya asili, na kama mama yake yupo zizini omba umwone.

Mauziano yafanyike mbele ya mtendaji wa kijiji au mtaa anakotoka ng'ombe, na ofisi hiyo imtambue muuzaji. Hati iandikwe namba ya hereni, rangi na alama, umri wa mimba anaodai muuzaji, lita mlizopima, na sharti la kurudisha fedha kipimo kikikataa. Kibali cha kusafirisha mifugo chukua kwa afisa mifugo wa wilaya kabla ya kupakia. Dalali anayesema "tutapita usiku, hatusimamishwi" huenda ana ng'ombe wa wizi, na atakayekamatwa naye ni wewe. Kabla ya kulipa, damu ipimwe ugonjwa wa kutupa mimba. Maabara za kanda za TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, zinapima. Ugonjwa huo unaambukiza watu kupitia maziwa mabichi, na wewe unamnunulia watoto.

Aliyekwisha kutuma hela kwa tapeli wa simu atume namba ya tapeli huyo kwenda 15040, awapigie mtandao wake mara moja wajaribu kuzuia muamala, kisha aende polisi na ujumbe wote bila kufuta.

Ukishamfikisha nyumbani bado hujamaliza, kwa sababu kuna wanaouza kwa makusudi ng'ombe ambaye hajawahi kukutana na kupe, aende sehemu yenye ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, wakisema "amechanjwa". Aliyechanjwa ndigana kali hupewa hereni ya chanjo na kuandikwa kwenye kadi; kama hana hata kimoja, mhesabu hajachanjwa. Dalili hutokea wiki moja hadi tatu hivi baada ya kuumwa na kupe, na muuzaji atakuambia umemtunza vibaya. Kwa hiyo muogeshe siku ya kwanza, mtenge na wanyama wengine wiki tatu, na kila asubuhi kabla ya jua kali mpime joto kwa kipimajoto cha kwenye haja kubwa, uandike ukutani. Kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo. Ikivuka 39.5, papasa chini ya sikio na mbele ya bega. Ukikuta tezi limevimba, mwite daktari siku hiyo hiyo, usingoje aache kula. Dawa ya ndigana kali hufanya kazi vizuri siku za mwanzo. Akishaanza kuhema kwa shida na kutoa povu puani, mara nyingi muda umeshapita.