Huduma ya Ukaguzi wa Gari la Mkononi: Nilicholipia na Nilichopata

Kabla ya kununua Toyota IST ya mkononi hapa Dar es Salaam, nilimlipa fundi shilingi 70,000 kwa kila gari alilonikagulia, na kwa kuwa wengi huona malipo ya namna hiyo kuwa fedha ya kutupa, ningependa kueleza huduma hiyo ilistahili bei yake wapi na ilipungua wapi.

Ninalolisifu kwanza halihusu hata ufundi wenyewe. Dalali alikuwa ameniahidi fundi wake ambaye angelitazama gari bure, akanihakikishia pia kwamba gari ni la mama mmoja anayelitumia kwenda kazini na kurudi tu. (Mama huyo, kwa hesabu yangu, ameshauza magari mengi kuliko yadi yoyote ya mjini.) Fundi niliyemtafuta mwenyewe katika mtaa wa Gerezani alitoa masharti mawili kabla hajafungua boksi lake la vifaa: alipwe kiasi kilekile, ninunue nisinunue, na dalali asipewe namba yake ya simu. Nilidhani anajidai. Baadaye nilielewa kwamba fundi anayengojea chochote kutoka kwa muuzaji hana sababu ya kuona kasoro.

Gari la kwanza lilikuwa Tabata. Tulikuwa tumeomba lisiwashwe tangu usiku, lakini fundi alipoweka kiganja juu ya boneti alikuta moto, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, tutarudi kesho." Muuzaji alinung'unika sana, nami niliona aibu kidogo kumsumbua mtu nyumbani kwake. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi gari liliwaka na kutoa moshi wa bluu kwa karibu nusu dakika, moshi wa oili inayoungua ndani ya injini, ambao mara nyingi hukatika injini ikipata joto na ndiyo maana gari lilikuwa limepashwa kabla hatujafika. Hilo peke yake lisingenikatisha tamaa, kwani spea za injini hiyo ya 1NZ zimejaa Kariakoo.

Kilichonikatisha tamaa kilikuwa nyuma. Fundi aliinua kapeti la buti, akatoa tairi la akiba, na chini yake tukakuta tope lililokauka likiwa limejipanga kama mstari wa maji ukutani. Akasogeza viti vya mbele na kunionyesha boliti zilizoshika kutu, ilhali kapeti lilinukia upya wa dukani. Halafu akazungusha ufunguo bila kuwasha injini na kunitaka nihesabu taa za dashibodi, ambazo hapo hupaswa kuwaka zote kwa muda mfupi. Ile ya eabegi, mfuko wa hewa wa kukinga watu ajalini, haikuwaka hata kidogo, maana yake kuna mtu aliyeona ni nafuu kuizima kuliko kutafuta waya zilizooza. Gari hilo liliwahi kuzama. Kwa jiji ambalo kila masika bonde la Jangwani hugeuka ziwa, ningepaswa kulifikiria hilo mwenyewe, lakini rangi ilikuwa inang'aa na mita ilisoma kilomita 84,000. Raba ya pedali ya breki, ambayo sikuwa nimeitazama, ilikuwa imelika hadi chuma kinachungulia, dalili kwamba gari lilikuwa limetembea zaidi ya mita ilivyosoma.

Gari la pili, IST ya toleo la pili, lilipita vizuri zaidi. Fundi alitumia muda mrefu kwenye giaboksi, kwa sababu toleo hili linatumia CVT, yaani giaboksi inayobadilika bila hatua za gia, tofauti na la kwanza lenye gia nne za kawaida, na wapo wenye magari wanaoitilia mafuta yasiyo yake. Alilisikiliza likiondoka taratibu kutoka kusimama, akalirudisha nyuma mara kadhaa, akaridhika. Kwa orodha yake ya kasoro ndogondogo nilipunguziwa shilingi 600,000.

Upungufu wa huduma hii upo, na si mdogo. Hakuna ripoti ya maandishi. Nilipewa maelezo ya sauti kwenye simu, ambayo huwezi kuyaweka mezani mbele ya muuzaji mbishi. Pia nyaraka hazimhusu. Alinisomea chesisi namba iliyogongwa kwenye chuma, basi, kazi iliyobaki ikawa yangu: kulinganisha namba hiyo na kadi ya gari, kulinganisha jina la kwenye kadi na kitambulisho cha aliyejiita mwenye gari, kuangalia faini katika mfumo wa polisi wa usalama barabarani na deni la maegesho la TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Deni la maegesho lilikuwepo, nikadai lilipwe kabla sijatoa hata senti. Mnunuzi asiyejua kwamba madeni hayo huandikwa kwa namba ya gari angeondoka na ufunguo pamoja na deni la mwenzake.

Kosa lake la kweli lilikuwa kwenye kiyoyozi. Alikipima alfajiri, hewa ikiwa baridi yenyewe, akasema kizima. Wiki ya pili, katikati ya foleni ya Ubungo, kilipuliza joto tupu na kunigharimu shilingi 180,000. Nilipompigia hakubishana, ila hakurudisha kitu. Nitamwita tena, lakini nitamtaka aje mara mbili: alfajiri kwa ajili ya injini, na saa saba mchana kwa ajili ya kiyoyozi.