Winter Finch Forecast: kama unalisha ndege Kanada, soma hii kabla hujanunua mbegu

Wale mnaoishi Ontario au majimbo ya kaskazini ya Marekani na mmetundika kilishio cha ndege nyuma ya nyumba, hii Winter Finch Forecast naipa nyota nne na nusu, na ni bure kabisa. Ni utabiri unaotoka kila mwaka kabla baridi haijashika, unaeleza chiriku wa misitu ya kaskazini watabaki kwao au watashuka kusini. Ron Pittaway, mtaalamu wa ndege wa Ontario, aliuanzisha 1999, tangu 2020 anauandika Tyler Hoar, uko kwenye tovuti ya Finch Research Network, mtandao wa watafiti wa chiriku.

Ninachokipenda sana ni kwamba hawabahatishi, wanaangalia chakula. Watu wengi wanadhani hawa ndege wanakimbia baridi, hapana jamani, baridi wanaimudu, shida ni njaa, maana miti ya huko mwaka mmoja inazaa mbegu kupita kiasi halafu mwaka mwingine hola. Chukua Evening Grosbeak (grosbiki), yule chiriku mnene wa njano, mabawa meusi na meupe, mdomo kama koleo. Kiangazi analisha makinda wake viwavi wanaoshambulia misprusi (miti ya jamii ya misonobari), kwa hiyo viwavi wakifurika na grosbiki wanaongezeka, sasa hapo mbegu zikiwa chache unakuta midomo mingi chakula hakuna, lazima wasogee. Ndo ilivyokuwa 2020, Quebec viwavi walikuwa wamejaa, na grosbiki wakamwagika mpaka mashariki ya Marekani, watu waliokuwa hawajawaona miaka mingi wakawapata dirishani!

Nusu nyota nimeikata kwa sababu inazungumzia maeneo makubwa mno, mkoa mzima, kwa hiyo utabiri unaweza kusema wanakuja, mtaa wa pili wakapata kundi zima na kwako kukawa kimya. Mimi naisoma pamoja na eBird, tovuti ambayo watu wanaandika ndege waliowaona, hapo unaona wameshafika wapi wiki hii.

Ikisema grosbiki wanashuka, nunua alizeti nyeusi gunia kubwa kabisa na uweke sinia pana, wanakuja kwa makundi na wanamaliza haraka mno. Na tafadhali osheni vilishio, mwanzoni mwa 2021 chiriku wadogo wa misonobari (Pine Siskin) walikufa wengi kwa bakteria wa salmonela kwa kusongamana sehemu moja, inauma sana.