Betri ya Pili kwa Gari la Safari za Porini: Ununue Ipi Ukiwa Nakuru au Kisumu

Ikiwa safari zako ni za kuingia mbuga ya Ziwa Nakuru alfajiri na kurudi nyumbani jioni, usinunue betri ya pili; nunua betri moja nzuri ya kuwasha injini, na fedha zinazobaki uzitie kwenye matairi. Mwongozo huu unamhusu anayelala siku mbili au tatu Ruma, Mlima Elgon au kando ya Ziwa Bogoria, akiwa na friji, taa za kambi na simu za watoto, na ambaye asubuhi lazima injini ya dizeli iwake bila kusukumwa.

Betri ya starta imeundwa kwa vibao vingi vyembamba vinavyotoa umeme mwingi kwa sekunde chache. Betri ya kutumika polepole ina vibao vinene, na huvumilia kuteremshwa hadi nusu ya uwezo wake mara mamia. Ukiifanya ya kwanza itende kazi ya pili, itakufa mapema, hata kama jina lililoandikwa ubavuni ni kubwa kiasi gani.

Anza na hesabu ya friji. Friji ya lita 40 inayotumia umeme wa volti 12 hula takribani ampea-saa (kipimo cha kiasi cha umeme ambao betri hutunza) 30 hadi 45 kwa siku, na joto la Kisumu huisukuma kuelekea kiwango cha juu. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 isiteremshwe chini ya nusu, kwa hiyo unayo 50 tu ya kutumia, yaani siku moja na kidogo bila kuwasha injini.

Nafasi ya kwanza naipa AGM, yaani betri ya risasi iliyozibwa, ya ampea-saa 100 ya aina ya kuteremshwa, ikifungwa nyuma ya gari. Asidi yake imenyonywa na vitambaa vya nyuzi za kioo, hivyo haimwagiki gari linaporushwa na mawe, wala haidai maji ya betri. Kwa gari la zamani ambalo alteneta yake (jenereta ya injini inayochaji betri) hutoa volti 14.2 hadi 14.4 wakati wote, rilei inayohisi volti, yaani swichi ya umeme inayojiendesha, inatosha: huunganisha betri mbili volti zinapofika karibu 13.3 na kuzitenganisha zinaposhuka hadi 12.8 hivi. Kasoro ya AGM ni uzito, kwani hufika kilo 30.

Nafasi ya pili ni lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma, LiFePO4. Kwa ubora wa betri yenyewe ingekuwa ya kwanza: ina uzito usiozidi nusu ya AGM, hukuruhusu kutumia asilimia 80 au zaidi ya uwezo wake, na huchajiwa mara maelfu. Nimeiweka ya pili kwa sababu ni ghali mwanzoni na haisamehe ufungaji wa kubahatisha. Haifai kukaa chini ya boneti, ambako joto huiumiza, na inataka chaja yake maalumu ya kutoka betri hadi betri, ya ampea 20 hadi 40. Chaja hiyo ni ya lazima pia kwa AGM ikiwa gari lako ni la kisasa lenye alteneta inayopunguza volti ili kuokoa mafuta, maana hapo rilei hukata wakati ambapo unahitaji umeme. Anayelala nje kila mwezi anunue lithiamu bila kusita.

Ya mwisho ni betri ya sola yenye maji, ile inayouzwa kwa bei nafuu katika maduka mengi ya magharibi mwa Kenya. Nyumbani haina ubaya. Ndani ya gari hutoa gesi ya haidrojeni inapochajiwa, na barabara mbovu huimwaga asidi juu ya zulia.

Hata hivyo, kilichoniumiza mimi hakikuwa betri bali waya. Fundi mmoja alinipitishia nyaya za milimita mraba 6 kutoka mbele hadi nyuma, kwenda na kurudi, na kazi ilionekana safi kabisa. Miezi minane baadaye AGM yangu ilikuwa imekwisha. Niliwasha injini, nikashika mita: chini ya boneti ilisoma 14.3, na kwenye vichwa vya betri ya nyuma 13.1. Umeme ulikuwa ukipotelea njiani kama joto, na betri haikuwahi kujaa hata siku moja. Leo natumia kebo ya milimita mraba 25, na fyuzi mbili, kila moja karibu na betri yake, kwa kuwa kebo hiyo ina chanzo cha umeme pande zote mbili, na ikichunika popote inaweza kuunguza gari. Tenga fedha za kebo kabla hujachagua betri.

Dukani, omba betri ipimwe mbele yako. AGM iliyotulia isome volti 12.7 au zaidi. Ikisoma chini ya 12.4, imekaa rafuni muda mrefu bila kuchajiwa, nawe iache hapo. Soma pia tarehe ya kutengenezwa. Kwa betri ya starta ya dizeli angalia namba ya CCA, yaani ampea ambazo betri hutoa kuwasha injini kwenye baridi, na usikubali iliyo chini ya ile inayotajwa katika kitabu cha gari. Nenda na betri kuukuu, kwa kuwa maduka mengi huipokea na kukupunguzia bei.

Jambo moja kwa wenye Land Cruiser kuukuu za dizeli: baadhi zilitoka kiwandani na betri mbili, na nyingine huwasha injini kwa volti 24. Betri hizo zote mbili ni za starta, kwa hiyo usichomeke friji katika yoyote kati yake kabla fundi hajapima na kukuthibitishia mfumo ulio nao.