Mipira ya dripu mizuri, ila fundi wao asikanyage tena kwangu

Niseme kwanza, mipira yenyewe, hii ya kumwagilia kwa matone, sina ugomvi nayo. Ikipata maji masafi kila tundu linadondosha sawasawa toka mwanzo wa tuta mpaka mwisho, nyanya zinakunywa shinani na magugu katikati ya matuta yamepungua sana. Kwa hiyo ukiniuliza ninunue nisinunue, nunua. Ila hiyo huduma ya duka lililoniuzia, ya "tunakufungia bure", jamani!

Niko huku Arumeru, bomba kuu lilishafukiwa kitambo, lile jeusi la roli lenye mstari wa bluu, linatoka kwenye tanki la mnarani mpaka shambani. Kazi ilikuwa kufukua, kutoboa bomba, kufunga sado klampu (kile kiungio kinachokumbatia bomba pale lilipotobolewa), kupandisha juu, koki, filta, basi unaunga mipira. Fundi kaja, katoboa, kafunga, hapohapo kashika koleo anafukia. Nikamwambia kaka subiri, fungua maji kwanza tuone kama panavuja ndo ufukie. Akanijibu hata kuniangalia haniangalii, "Mama hii kazi tunaifanya kila siku, wewe kapike." Kapike! Kwenye shamba langu, kwa hela yangu, mbele ya vijana ninaowalipa mimi.

Hata nyanya hazijaanza kutoa maua, pale juu ya kiungio pakawa tope, tanki linakauka mapema, matuta ya mwisho hayapati kitu. Tukafukua. Ule mpira wa duara unaokaa ndani ya klampu haupo, kazungushia kipande cha tyubu ya baiskeli!! Filta nayo kaifunga kule kwenye tanki badala ya kuiweka baada ya kiungio, sasa kila tukifunga koki ya tanki bomba linamwaga maji na kuvuta tope kupitia palepale panapovuja, tukifungua tope lote linaenda kwenye mipira, hakuna cha kulizuia. Na yale makapi ya plastiki ya kutobolea kayaacha mlemle ndani, tumeyakuta yamekwama kwenye matundu.

Napiga simu dukani, dada wa pale ananiambia mipira tulikuuzia mizima, mambo ya fundi malizana na fundi. Nimalizane naye vipi wakati mmenileta ninyi, na risiti imeandikwa ufungaji?

Aliyeniokoa ni kijana wa jirani. Kaweka klampu yenye mpira wake, kakaza boliti kidogokidogo huku na huku zisiegemee upande mmoja, akafungua maji na shimo likalala wazi usiku kucha, asubuhi kavu kabisa ndo akafukia. Filta kaitoa kwenye tanki kaiweka baada ya kiungio, ncha za mipira akazifungua zote uchafu ukatoka. Mingine imepona, mingine imeziba moja kwa moja na nimenunua upya kwa hela yangu.

Na pale juu niliposema nunua, nafuta. Mipira ya aina hii ipo maduka mengine, hawa waacheni kabisa. Mimi nataka wanirudishie hela ya mipira iliyoziba, na huyo kaka aje aniombe radhi hapa hapa shambani, mbele ya vijana walewale waliomsikia.