Uzoefu wangu Mikumi na watoto: dereva anataka mwanangu achimbe dawa kwenye nyasi za simba

Imepita wiki kadhaa na bado nikikumbuka damu inachemka. Likizo hii tuliamua watoto wasiishie kuona wanyama kwenye katuni tu, tukapanda treni ya SGR mpaka Morogoro, gari ya kampuni tuliyolipa ikatupokea pale stesheni, Landcruiser ya kufungua paa, watoto furaha mpaka hawataki kula. Mpaka hapo sina neno.

Na dereva kwa macho ana kipaji, hilo simnyimi. Asubuhi tuko Mkata, ule uwanda mpana wa nyasi, akazima injini akasema angalieni pale. Tukaangalia, nyasi. Mume wangu akachukua darubini, nyasi. Nishaanza kuona tunapotezewa muda, mara sikio likatikisika kufukuza inzi, sikio moja tu, nyuma peusi. Kumbe jike la simba limelala hapo hapo hatua kama kumi na tano kutoka kwenye tairi letu, rangi moja na majani makavu. Binti yangu wa miaka 9 alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Nikasema moyoni pesa yangu imerudi yote.

Sasa sikilizeni. Haikupita hata lisaa, mdogo wake ana miaka 4, akasema mama mkojo. Mwenye mtoto wa umri huo anajua, akisema mkojo ujue keshachelewa. Nikamuuliza dereva choo cha karibu kiko wapi kaka, akasimamisha gari hapo hapo njiani, nyasi za kufika kiunoni kushoto na kulia, akasema "mshushe tu dada, achimbe dawa nyuma ya tairi, chapchap."

Nilidhani anatania. Nikamwambia kaka si ndo nyasi zile zile? Akacheka! "Dada, simba mchana analala, hata wazungu huwa wanashuka hapa." Jamani. Mzungu ni mtu mzima, akishuka ni shauri yake, mimi mwanangu akisimama kwenye zile nyasi hata kichwa hakionekani, kimo chake ni cha mtoto wa swala. Na yule jike tulimwona kwa sababu ya sikio tu, je asingelitikisa? Ndo maana kambi nyingi safari za kutembea kwa miguu hazichukui watoto chini ya miaka 12, sio kwamba wanawabania.

Mume wangu naye akasema taratibu, labda anajua kazi yake. Hapo ndo nilipanda kabisa. Nikamwaga maji ya kunywa dirishani, mtoto akakojolea kwenye chupa, mengine yakaingia mengine yakamwagikia kwenye siti kwa sababu mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Unajua alisema nini? "Mtanichafulia gari." Yaani mtu ana roho ya mtoto mkononi anawaza siti. Siti inafutwa kwa kitambaa!

Tulipofika bwawa la viboko, pale inaruhusiwa kushuka, nilimuuliza askari wa hifadhi mbele yake. Akanijibu kwa upole, mama, kushuka ni sehemu zilizopangwa tu kama hapa, kule njiani usishuke hata kwa sekunde, na hata hapa mshike mtoto mkono maana kuna mamba. Dereva yuko bize na simu.

Tena na mbung'o hakuna aliyetuambia. Mdogo nilimvalisha traksuti ya bluu iliyokoza, kumbe rangi hiyo na nyeusi ndo zinawaita, kaumwa shingoni analia njia nzima. Neno moja tu kwenye simu kabla hatujaondoka Dar, mvalisheni nguo za kaki, lingewagharimu nini?

Nilitaka niandike msipeleke watoto kabisa. Hapana, nafuta hiyo. Pelekeni, binti yangu mpaka leo anachora sikio la simba, peke yake, bila simba mwenyewe. Mikumi nitarudi. Ila kabla hujalipa waulize mtoto akibanwa inakuwaje, na ukisikia kigugumizi tafuta wengine. Na chupa yenye mdomo mpana beba mwenyewe.

Jioni wakati wa kurudi yule dereva ndo alimbeba mdogo amelala, kutoka kwenye gari mpaka mlangoni stesheni, kamfunika na kitenge changu vizuri asipigwe upepo, nikaanza kujiona labda nimemkalia kooni bure, ni kijana tu, huenda naye ndivyo alivyofundishwa na waliomtangulia. Nilikuwa karibu kumsamehe kwakweli. Ofisini kwao nilishapiga, dada mmoja akasema pole tutaongea naye, halafu kesho yake wananitumia meseji eti tuwape nyota tano. Hata jina la mtoto hawajauliza.

Pale stesheni mume wangu alitoa elfu ishirini ya kumshukuru. Nikakumbuka ile "mtanichafulia gari", nikamshika mkono, tukairudisha kwenye pochi, nikampokea mwanangu tukaingia ndani.